Mungu anayeiba siagi, na kamba iliyopungua vidole viwili

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mi ni fundi seremala, nipo Mwanza. Kuna mama mmoja wa Kigujarati kanipa oda ya bembea ndogo sana, haifiki hata futi mbili, nikamuuliza ni ya mdoli wa mjukuu? Akasema hapana, ya Mungu. Afu akanionyesha kalenda ukutani, mtoto wa rangi ya buluu kakaa chini mkono umejaa siagi, akacheka akasema ndo huyu, mwizi mkubwa huyu. Mwalimu, Mungu gani anaiba? Na wenyewe wanaamini hivyo hivyo au ni mafumbo? Jamaa mmoja hapa kijiweni anasema yote mafumbo tu, siagi maana yake moyo wa mtu, basi. Nisaidie."

Marahaba fundi. Jamaa yako wa kijiweni hajadanganya ila kawahi kufunga mjadala. Siagi kuwa moyo ipo kweli, utaisikia kwa Wahindu wenyewe, ila ukiishia hapo utakuwa kama mtu aliyeambiwa wimbo mzuri unahusu mapenzi akasema sawa nimeelewa, akazima redio.

Huyo mtoto wa buluu anaitwa Krishna, Wahindu wanamwabudu kama Mungu. Kwanza kitabu. Watu wengi huku wakisikia maandiko ya Krishna wanafikiria Bhagavad Gita, ile ya beti 700 ambapo Krishna mtu mzima anaongea na Arjuna, mpiganaji, kwenye uwanja wa vita. Huyo mtoto wa kwenye kalenda hatoki huko. Anatoka kwenye Bhagavata Purana, majina yanafanana ila ni kitabu kingine kabisa, kikubwa, kimegawanywa vitabu 12, mapokeo yanasema kina beti 18,000, kwa Kisanskriti, na wasomi wengi wanaona kilifikia umbo lake la sasa kwenye karne ya 9 au ya 10. Utoto wa Krishna upo kitabu cha kumi, ambacho peke yake kina sura 90, na mambo yanatokea Vraj, nchi ya wafugaji karibu na mji wa Mathura na mto Yamuna, kaskazini mwa India. Yaani ni stori ya watu wa ng'ombe. Maziwa, mtindi, siagi, samli, kamba za ndama, ndo vitu vya kila siku vya hao watu, kwahiyo usishangae siagi kuwa kila mahali.

Sasa angalia anayesimuliwa hizo stori ni nani, maana wengi wanaruka hapo. Ni mfalme anaitwa Parikshit, kalaaniwa kwamba baada ya siku saba atagongwa na nyoka afe. Kaacha ufalme, kakaa kando ya mto Ganga, hataki kula, anauliza mtu anayekaribia kufa asikilize nini. Na kijana mtawa, Shuka, akianza kumjibu ndo kitabu chote kinamwagika, kikiwemo kisa cha mtoto kuiba siagi kwa majirani. Mtu kabakiwa na siku chache duniani na unamwambia habari za vyungu kuvunjwa! Aliyepanga kitabu hivyo alijua anachofanya. Mpaka leo kuna desturi ya kukisoma hadharani kwa siku saba mfululizo, wanaita saptaha, kwa kumkumbuka huyo mfalme.

Haya, wizi. Kwenye sura ya 8 ya hicho kitabu cha kumi akina mama wa jirani wanaandamana kwenda kumshtaki kwa mama yake, Yashoda. Mashtaka ni marefu na ukisoma unaona kabisa aliyeandika alikuwa anamjua mtoto mtundu: anafungulia ndama kabla ya muda wa kukamua wanamaliza maziwa yote, ukimgombeza anacheka, anaiba mtindi na siagi anakula afu anagawia nyani, nyani wakishiba anavunja chungu. Tukivitundika vyungu juu kwenye susu anapanga viti na kinu anapanda, asipofikia anatoboa chungu kwa chini. Na akikosa kabisa cha kuiba, anawaliza watoto wachanga ndani afu anaondoka zake. Wakati wanasema yote haya wanamkodolea macho, yeye kasimama pale kajifanya ana hofu, na Yashoda anashindwa kumgombeza, anacheka. Waandishi wa fafanuzi wa zamani walishaona kitu hapo, kwamba mashtaka ni kisingizio tu, hao akina mama wamekuja kumwona. We hujawahi kuona bibi anaenda kulalamika kwa mkwewe kuhusu mjukuu, kumbe anamtaka huyo mjukuu aje kwake tena kesho?

Siagi yenyewe kwa Kisanskriti kwenye hizo stori inaitwa navanita, maana yake iliyotolewa sasa hivi, siagi nyeupe mbichi isiyo na chumvi, laini, inayeyuka kwa joto la mkono tu. Hapo ndo pa jamaa yako. Moyo uliolainika unafanana na hicho kitu. Ila ufananisho wenyewe ni wa zamani zaidi kuliko Bhagavata. Kwenye Upanishad moja (hayo ni maandiko ya kale ya Kihindu), Shvetashvatara, kuna ubeti unasema nafsi ya juu inapatikana ndani ya mtu kama mafuta ndani ya ufuta, kama samli ndani ya mtindi, kama maji kwenye mkondo, kama moto kwenye vijiti vya kupekecha. Ukitazama ufuta huoni mafuta, na ukitazama mtindi huoni samli. Ipo, ila bila kazi haitoki. Na Kiswahili hapo kinatubeba vizuri sana maana siagi ya Kihindi haisukwasukwi kwenye kibuyu kama ya wafugaji wetu, wana mti wa kusimama ndani ya chungu umezungushiwa kamba, unavuta upande huu unaachia, unavuta upande ule, mti unazunguka, yaani ni kupekecha kabisa, kitendo kile kile cha upekecho wa moto. Kwahiyo msikilizaji aliyekuwa anajua hizo Upanishad akisikia mtoto kala siagi, kichwani inagonga kengele: kilichotolewa kwa jasho kutoka ndani ya mtu, ndicho Mungu anachokitaka.

Kwanini sasa aibe, si angeomba? Jibu ninalolipenda mimi ni kwamba mwenye mali hawezi kuiba mali yake. Vyote ni vyake, na angedai kama mwenye haki angepewa kwa woga. Kuiba ni ishara kwamba kaacha cheo mlangoni. Unaiba kitu kwa sababu unakitamani. Mungu anayetamani kitu cha mtu, hilo ndo la ajabu hapo, na kwa mtu aliyelelewa kwenye dini zetu za huku Mungu hahitaji kitu, nadhani ndo maana ilikushtua.

Ila nisikupoteze, siagi sio kilele. Kilele kipo sura ya 9, na hii nitaieleza polepole.

Siku hiyo wasaidizi wa nyumbani wana kazi nyingine, Yashoda mwenyewe kakaa anapekecha mtindi huku anaimba vituko vya mwanawe. Jasho usoni, maua yanadondoka kwenye nywele. Mtoto anakuja, anashika ule mti kuuzuia, anataka kunyonya. Anampakata. Katikati ya kunyonya, maziwa yaliyo jikoni yanaanza kufurika, anamweka mtoto chini hajashiba anakimbilia jiko. Mtoto anakasirika, anauma mdomo, machozi ya uongo machoni (kitabu kinasema hivyo hivyo, ya uongo), anachukua jiwe anapasua chungu cha mtindi, anaingia ndani kujichana siagi. Mama akirudi anaona vigae, anacheka, anamtafuta, anamkuta kakaa juu ya kinu kilichopinduliwa anagawia nyani huku anaangalia nyuma kama mwizi. Anamnyemelea na fimbo. Anaruka anakimbia. Na hapo mwandishi anachomeka sentensi moja: mama anamkimbiza yule ambaye akili za mayogi, watawa, waliotakaswa kwa kujinyima zimeshindwa kumfikia. Anamkamata. Mtoto analia, anafikicha macho, wanja unasambaa mashavuni. Mama anatupa fimbo, anaona mtoto kaogopa, basi nitamfunga tu kwenye kinu.

Analeta kamba. Imepungua vidole viwili. Wazee wa pwani wangesema nyanda mbili. Anaunga nyingine, imepungua vidole viwili. Anaunga nyingine, vidole viwili vile vile. Kamba zote za nyumbani zinaisha, majirani wanacheka na yeye anacheka, kachoka, jasho, nywele zimefumuka, na ile tofauti haiongezeki wala haipungui. Kabla tu ya hapo ubeti umeshatuambia anayefungwa ni yupi: asiye na ndani wala nje, asiye na mbele wala nyuma. Sasa utamfungaje kitu kisicho na nje? Kamba itazunguka wapi? Na mwisho, mtoto anaona mama yake kachoka, anamhurumia, anakubali kufungwa.

Hivyo vidole viwili vimeandikiwa kurasa na kurasa. Tafsiri inayopendwa zaidi, ya wafuasi wa Chaitanya, mtakatifu wa Bengal aliyezaliwa 1486, inasema kidole kimoja ni juhudi ya mja na cha pili ni huruma ya Mungu. Yashoda asingetoka jasho, kamba isingefika. Na jasho peke yake lisingetosha, angeunga kamba mpaka leo. Wengine wanacheza na neno, maana kwa Kisanskriti guna ni kamba na pia ni zile sifa tatu ambazo vitu vyote vya dunia vimesukwa kwazo, kwahiyo kamba yoyote ya dunia hii lazima impungukie. Kuna wanaosema hivyo vidole viwili ni jina na umbo. Mimi ya kwanza ndo naona imetoka kwenye kisa chenyewe, maana andiko linasema wazi alipoona amechoka ndo akakubali, huhitaji kuchimba. Hizo nyingine ni nzuri ila unaona mtu kaleta mzigo wake kutoka nyumbani akautua hapo.

Niliwahi kukaa kwenye saptaha moja, siku zote saba, mgongo ulikoma. Msimulizi alipofika kwenye kamba, bibi mmoja pembeni yangu akaanza kulia. Nilikuwa bado mwanafunzi, nimejaa tafsiri za vidole viwili kichwani, nikamuuliza unalia nini. Akanijibu "amechoka". Nani? "Mama yake." Basi. Nilijiona mjinga kidogo.

Na hilo ndo nataka ulibebe kwenye swali lako la mafumbo. Fumbo la kawaida ukishalitegua unatupa ganda. Hizi stori waumini hawazitupi. Wao neno lao ni lila, mchezo, na hilo tendo la kufungwa ndo lenyewe, sio alama ya kitu kingine kilicho bora zaidi nyuma yake. Kuna ushahidi ndani ya kitabu. Kwenye ile ile sura ya 8, wenzake wanamshtaki kala udongo, mama anamwambia fungua mdomo, anafungua, na Yashoda anaona humo ndani ulimwengu mzima, mbingu, nyota, milima, bahari, hadi Vraj yenyewe na yeye mwenyewe kasimama. Yaani kapewa ile maana ya ndani kabisa, waziwazi, bila tafsiri. Unajua kinachofuata? Krishna anamwondolea, anamrudishia penzi la mama, anasahau kila kitu, anampakata. Kitabu hakisemi amepoteza. Sura inayofuata inasema upendeleo alioupata huyu mama hakuupata Brahma, wala Shiva, miungu wakubwa hao, wala Lakshmi mwenyewe, mke wa Mungu.

Utamu mwingine hausimuliwi sana. Baada ya kufungwa kwenye kinu, mtoto anakiburuta kinapita katikati ya miti miwili, kinakwama kwa upana, anavuta, miti inang'oka. Ndani yake wanatoka vijana wawili, Nalakuvara na Manigriva, wana wa Kubera mtunza hazina wa miungu. Walilaaniwa na mzee mtakatifu Narada wageuke miti kwa sababu walikuwa wamelewa, uchi, wanaoga mtoni na wanawake, wanawake walipomwona mzee wakajifunika, wao wala. Narada akasema kwa mtu aliyepofushwa na mali, umaskini ndo wanja bora wa macho, na akaongeza kwamba aliyewahi kuchomwa na mwiba hamtakii mwingine maumivu yale. Unakumbuka wanja uliosambaa mashavuni sura iliyopita? Sina uhakika mwandishi alikusudia ila mi nikisoma naona vinaitana. Aliyefungwa ndo anafungua wengine, hiyo haihitaji mtaalamu. Kutokana na kisa hiki Krishna anaitwa Damodara, mwenye kamba tumboni, na mwezi wa Kartik, Oktoba kwenda Novemba, watu wanamuwashia taa kwa jina hilo.

Sasa upande wa pili, maana nisipousema utaukuta mwenyewe. Mtoto anakua, na kwenye sura ya 22 anaiba nguo za wasichana wanaooga mtoni, na sura ya 29 hadi 33 wake za watu wanatoka usiku kwenda kucheza naye mwituni. Tafsiri ya nguo ni kwamba roho inasimama mbele ya Mungu bila kujificha, na ya ngoma ni roho zote zinamtamani mmoja. Sawa. Ila swali lako, Mungu gani anafanya hivi, Parikshit mwenyewe analiuliza sura ya 33, anasema huyu kaja kulinda dharma, yaani njia ya haki, iweje aguse wake za watu? Jibu analopewa linajadiliwa hadi leo: moto unakula kila kitu hauchafuki, na Shiva alikunywa sumu ya bahari, we ukinywa utakufa, kwahiyo mtu wa kawaida asiige hata kwa mawazo.

Na kuna walioiga. Bombay, mwandishi wa gazeti Karsandas Mulji aliandika mwaka 1860 kwamba baadhi ya viongozi wa madhehebu ya Vallabha, mwalimu wa ibada ya Krishna, wanatumia hizo stori kujipatia wake za waumini, wajifanye wao ndo Krishna. Akashtakiwa kwa kashfa, na 1862 mahakama ikampa ushindi. Vallabha mwenyewe alikuwa ameshafariki zaidi ya miaka 300 kabla, alifariki 1531, hayamhusu. Ila unaona hatari ilipo, fumbo likigeuzwa leseni. Kesi hiyo haikuwa mbali na sisi kama unavyofikiri, Wabhatia, jamii ya wafanyabiashara wa Kihindu wa Kutch huko Gujarat, walikuwa wengi kwenye hayo madhehebu, na ni watu hao hao waliokuwa Muscat na Zanzibar, Jairam Shivji na ukoo wake waliosimamia forodha enzi za Seyyid Said ni Wabhatia.

Turudi kwenye bembea yako. Kumpenda Mungu kama mzazi anavyompenda mtoto wanaita vatsalya, kutoka neno vatsa, ndama, yaani vile ng'ombe anavyomlamba ndama wake. Wengi wa Vaishnava, yaani waumini wa Vishnu na Krishna, wa Gujarat, hasa wa njia ya Vallabha, nyumbani wana sanamu ndogo ya Krishna mtoto, wanamwita Lalji au Thakorji, na hawamwombi vitu kama tunavyodhani, wanamtunza. Anaamshwa asubuhi polepole asishtuke, anaogeshwa, anavalishwa kulingana na baridi au joto, anapewa chakula kabla ya mtu yeyote hajaonja, mchana analala, na miezi ya mvua kule kwao anabembezwa kwenye hindola. Hiyo ndo oda yako. Kwahiyo ukimuuliza yule mama unaamini au ni fumbo, atakutazama kama vile umemuuliza mzazi kama kumfunika mtoto shuka ni fumbo. Na kucheka kwake akisema mwizi mkubwa huyu, ni Yashoda kabisa, wale majirani wamekuja kushtaki na yeye anashindwa kugombeza.

Kama dini yako inakuruhusu kutengeneza, hilo muulize kiongozi wako wa dini, mi sio mtu wa kukujibia. Ukiamua kuifanya, upande wa kukalia piga msasa mpaka uteleze kabisa, kingo zizungushe, na kabla hujakata kamba muulize mama vipimo vya mto na godoro, maana lazima vitakuwepo.